Prof na Safu ya Kairo

Mtu wa kwanza kunifundisha namna ya kupanda treni za chini ya ardhi hakuwahi kupanda hata zile za juu. Alikuwa Prof, mwalimu wetu wa jiografia hapa Bunia, mji wa mashariki ya Kongo ambao hauna reli hata ya mfano. Jina lake sitalitaja. Wanafunzi wake wa zamani wamejaa katika kila ofisi na kila duka la mji huu. Nikilitaja watakuja mmoja mmoja kunisahihisha, na mimi nimekwisha kusahihishwa na Prof mwenyewe kwa miaka inayonitosha.

Alikuwa mtu mfupi, shati limefungwa vifungo hadi kooni, na kipande cha chaki kwenye mfuko wa kifuani hata siku ya Jumapili. Mchungaji aliwahi kumwuliza chaki ile ni ya nini kanisani. Alijibu kwamba huenda siku moja mahubiri yakahitaji mchoro. Mguu wake wa kushoto ulimsumbua, akatembea na fimbo, na alikwenda kila mahali kwa miguu, kwa sababu bwana huyu aliyeweza kukueleza namna ya kubadilisha treni mara tatu katika mji wa Tokyo aliogopa pikipiki. Waendesha pikipiki walimwita barabarani, "Prof, panda, nitakupeleka bure," naye akavuka upande wa pili.

"Ile kitu haina mulango," alisema. "Kama haina mulango, utajua namna gani kama umeingia ao umetoka?"

Kwake kila kitu kilianza na mlango. Programu ya shule ilitaka tusome mito, mvua na mazao ya biashara. Prof aliipitia mbio kabla ya Noeli, ili abaki na muda wa somo alilolipenda, ambalo halikuwamo katika programu yoyote ninayoijua: kulinganisha metro, yaani treni za chini ya ardhi, za miji mikubwa ya dunia. Vitabu vyake vichache vililinganisha urefu wa njia, hesabu ya vituo na mwendo wa treni. Hayo hakuyajali. "Urefu ni kazi ya bainjeniere," alisema, yaani wahandisi. "Siye tuangalie batu."

Alikuwa na jedwali kubwa alilolichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, zilizounganishwa kwa uji wa muhogo. Juu ziliandikwa safu za miji: Paris, London, Moscow, Tokyo, Mexico na mingineyo. Pembeni yalishuka maswali. Uji ule wa muhogo uliwapendeza panya kuliko sisi. Moscow ililiwa mara mbili, na mara zote mbili Prof aliichora upya bila kulalamika, akisema mji ule umezoea taabu.

Maswali yenyewe ndiyo yaliyotuchekesha. Mlango unamsubiri nani? Mtu akisinzia, nani anamwamsha? Mwenye mzigo mkubwa anaambiwa nini? Watu wasiojuana wanatazama wapi? Na la mwisho, alilolipigia mstari mwekundu: treni ikisimama katikati ya shimo na taa zikazimika, watu wanafanya nini?

Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa kijana mrefu wa benchi la nyuma, nikijiona mwerevu, na nilikuwa na mzaha tayari kwa kila swali. Aliponiuliza watu wasiojuana wa London wanatazama wapi, nilijibu kwamba wanatazama kama kuna mtu anauza maandazi. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Prof alingoja kiishe, kisha akauliza neno lake la siku zote: "Nani aliona?"

Neno hilo alilitumia kwa kila mtu. Ukimwambia mvua imenyesha kule kijijini Boga, atakuuliza nani aliona. Ukimwambia bei ya samaki imepanda huko ziwani Tchomia, nani aliona. Mama yangu alikwenda siku moja kumweleza kwamba mimi nina bidii nyumbani. Alirudi amenuna, maana naye aliulizwa nani aliona.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichokuwa akitafuta, na nasema kwa aibu, kwa sababu kilikuwa wazi. Tulikuwa watoto tuliokulia wakati wa vita, ambapo kwenye njia zote za jimbo letu la Ituri mtu alisimamishwa akaambiwa aseme neno moja, ili matamshi yake yaonyeshe ni wa upande gani. Halafu huyu mzee mwenye fimbo anatuambia kuna masanduku yanayobeba watu mamia, kila siku, na hakuna anayemwuliza mwenzake jina. Hakutuambia hivyo waziwazi hata mara moja. Alituuliza habari za milango tu.

Habari alizipata popote. Askari wa kigeni waliokuja kulinda amani walipopita na magari yao meupe, watu wengine waliomba biskuti. Prof alisimama kando ya barabara, akainua fimbo, na gari liliposimama akauliza kwa Kifaransa cha polepole na mikono mingi namna milango ya metro inavyofungwa kwao. Nilikuwepo siku alipomwuliza askari mmoja kutoka Uruguay. Yule kijana alifikiri sana, kisha akaeleza kwamba mji wake hauna metro. Prof alimshika bega.

"Pole," akamwambia. "Siye pia."

Lakini kwa miji ya Afrika alikuwa na sheria kali. Paris, alisema, inaweza kutoka kitabuni, kwa sababu watu wa Paris wameiandika wenyewe. Miji yetu mara nyingi imeandikwa na watu waliopita na gari. Kwa hiyo safu ya mji wa Afrika ilijazwa na mtu aliyepanda treni yake yeye mwenyewe, naye alipaswa kusaini chini kama shahidi. Safu ya treni ya Kinshasa ilisainiwa na polisi mmoja aliyehamishiwa huku. Safu ya Kairo, metro aliyoitamani kuliko zote kwa kuwa ya kwanza barani, ilikaa tupu tangu nikiwa mwanafunzi. Ilikaa tupu hata nilipomaliza masomo, nikarudi kufundisha jiografia katika shule ileile, na wanafunzi wakaniita Prof Mudogo, ingawa nilimzidi urefu kwa vichwa viwili.

Basi ukaja mwaliko. Semina ya siku chache kuhusu vitabu vya shule, Kairo, kwa mwalimu mmoja wa jiografia. Mkuu wa shule alimpa Prof, na kila mtu alijua ni haki yake. Prof akaisoma barua mara mbili, akanikabidhi.

"Weye utaenda. Miye niko na batoto ya sixième, darasa ya mwisho, examen iko karibu, na huu muguu hautaki ndege. Lakini hapana kuniletea zawadi. Uniletee majibu."

Akanipa karatasi yenye maswali yote. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kushonwa uzi pembeni ili isichanike.

Sasa nitaeleza nilichofanya Kairo, na msomaji anayeniheshimu anaweza kuruka aya hii. Siku nne niliahirisha. Siku ya tano nilishuka ngazi, nikanunua tiketi kwa kunyoosha noti na kutabasamu, nikasimama pale watu waliposimama. Treni ikaja, mlango ukafunguliwa mbele yangu, nikaingia. Ndani walikuwa wanawake peke yao. Sikujua kwamba kuna mabehewa yao wenyewe. Mimi nililelewa vizuri: kwetu ukiingia mahali ukawakuta kina mama wameketi, huwezi kukaa kimya kama mwizi. Nikaanza kuwasalimia, kuanzia kulia, mmoja mmoja, kwa mkono. Wa kwanza aliutazama mkono wangu. Wa pili akapiga kelele. Nilipomfikia wa tatu behewa zima lilikuwa limesimama, na mama mmoja alikuwa ananionyesha alama mlangoni kwa mfuko wake wa nyanya. Nikaruka nje. Mlango ukafungwa, treni ikaenda zake. Nikarudi hotelini kwa miguu, nikatazama mpira, na kesho yake nikapanda ndege. Ndiyo yote. Niliingia katika metro ya Kairo na sikusogea hata hatua moja ya njia.

Kwetu anayetoka safari hukalishwa, hupewa chai, kisha hutoa habari. Nilimkuta Prof amekwisha kulitandaza jedwali sakafuni, ameliwekea mawe pembeni, kalamu mkononi. Mke wake amevaa kitenge kizuri. Hapo moyo ulinishinda. Ningesema nini? Kwamba umenipa nafasi yako bure, Prof, nilifukuzwa kwa mfuko wa nyanya? Nikaanza kujibu. Majibu ya kwanza niliyaokota katika mambo niliyoyaona kwa mbali. Ya pili niliyapamba. Tulipofika kwenye swali la mstari mwekundu, taa zikizimika watu wanafanya nini, nilikuwa nimechoka na sura ya yule mama wa kwanza niliyempa mkono ilikuwa bado machoni pangu.

"Wanasalimiana," nikasema. "Kila mutu anageukia jirani yake, anamupa mukono, anamuuliza habari ya nyumbani. Wanangoja vile mupaka taa inarudi."

Prof aliweka kalamu chini. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikaongeza na mzee mmoja aliyesinzia akaamshwa ili naye asalimiwe. Aliandika yote. Aliponiambia nisaini, nilisema kalamu yangu imebaki kwenye begi, na kwa miaka iliyofuata kila alipogusa habari ya saini nilikuwa na kalamu iliyoisha wino, au mkono uliofungwa, au haraka ya kwenda mahali.

Uongo wangu, kwa bahati mbaya, ulipata kazi ya kudumu shuleni. Miaka ile amani ilikuwepo, maduka yalikuwa wazi, lakini karibu kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango. Uvumi mdogo ulitosha kuwakimbiza watu. Na madarasa yetu yana mlango mmoja kila moja. Mwaka uliotangulia mtoto alikanyagwa akivuka kizingiti. Prof akaamua kwamba darasa ni behewa. Aliwatoa wanafunzi katika mabenchi waliyojichagulia, maana kila mmoja alikaa na wa upande wake wa mji, akawachanganya. Kisha akawafundisha: likitokea la kutisha, hakuna kusimama kwanza. Kwanza unamgeukia jirani, unampa mkono, unamwuliza habari ya nyumbani. Baada ya hapo mnatoka, benchi kwa benchi.

"Njo vile batu ya Kairo wanafanya," aliwaambia. "Prof Mudogo aliona."

Nilikuwa napita dirishani nilipomsikia. Nilijifanya nakohoa.

Siku ya kujaribiwa ilikuja asubuhi, saa ya pili ya masomo. Lori lililobeba samaki kutoka Tchomia lilipasua tairi mbele ya shule, na mara likapasua la pili. Katika miaka ile hakuna mtu aliyesubiri kujua kama ni tairi au bunduki. Darasa langu, lililopakana na la Prof, lilitoka mlangoni na madirishani kwa pamoja, na kijana mmoja akavunjika mkono. Mwalimu wao hakuweza kuwazuia kwa sababu alikuwa amewatangulia. Mwalimu wao nilikuwa mimi. Nilipatikana nyuma ya choo, nimechuchumaa, chaki bado mkononi. Darasa la Prof lilitoka la mwisho, benchi kwa benchi, wote wazima. Mkuu wa shule alimpongeza mbele ya bendera, naye Prof akasema sifa ni za Kairo, akanionyesha kwa fimbo. Watu wakanipigia makofi.

Huyo ndiye Prof. Alisifu treni za Tokyo kwa kutochelewa hata dakika, na yeye alichelewa kila siku ya maisha yake, kwa sababu alisimama kusalimia kila mtu njiani, hata wale waliojaribu kumkwepa. Hakuamini neno la mtu yeyote bila shahidi, akaniamini mimi. Sikuwahi kuelewa kwa nini. Nadhani alitaka sana iwe kweli.

Mwaka jana aliniita nyumbani. Amekwisha kustaafu, mke wake amefariki, na kidonda cha mguu kinamletea muuguzi kila siku, dada mmoja mwenye sauti ya chini aliyekuwa mwanafunzi wake. Nilimkuta dada huyo anamfungua Prof bendeji. Jedwali lilikuwa mezani. Mkuu mpya wa shule alikuwa ameomba litundikwe ukumbini, chini ya kioo, na Prof alikuwa amemaliza kupanga miji kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kairo ilikuwa ya kwanza. Ilibaki saini moja.

"Leo kalamu iko," akasema. "Nimenunua mbili."

Niliishika. Nilitazama ile nafasi ndogo chini ya safu, nikairudisha kalamu mezani. Miaka yote niliogopa kwamba atajua. Siku ile niliogopa zaidi kwamba atakufa hajui, na wanafunzi wataendelea kusimama mbele ya kioo wakisoma uongo wangu katika mwandiko wake.

"Prof, sikupanda."

"Haukupanda nini?"

"Metro ya Kairo. Niliingia tu. Ilienda bila miye."

"Nani aliona?" akauliza, kwa mazoea.

"Bamama ya kule."

Nikamweleza yote, behewa, mikono, nyanya. Alicheka mpaka muuguzi akamwomba atulize mguu. Kisha kicheko kikakatika, nikajua amefika kwenye mstari mwekundu.

"Na ile ya kusalimiana mu giza?"

"Nilitunga."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Donc, kumbe nilifundisha batoto uongo," akasema.

Nikajaribu kujitetea. Nilisema, lakini Prof, uongo ule uliwatoa wazima siku ya tairi. Aliinua mkono.

"Hapana kujisafisha na batoto yangu."

Akachukua kalamu ya pili, akapiga mstari juu ya safu ya Kairo, kutoka juu hadi chini, bila haraka, jibu moja baada ya lingine. Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi na nililia kama niliyepigwa.

Muuguzi alikuwa ameacha bendeji. "Prof," akasema, "lakini siye tulisalimiana."

"Nani aliona?"

"Miye. Nilikuwa banc ya tatu, na ule musichana wa ng'ambo ya muto uliyeniwekea pembeni. Mwaka muzima hatukuongea. Kwetu walichoma nyumba, na kwao pia. Ile kitu ililia, nikamupa mukono juu ya vile weye ulisema. Nikamuuliza, mama yako iko? Akasema, iko. Akaniuliza, na ya kwako? Nikasema, haiko tena. Alishika mukono yangu mupaka inje. Hata kisha ya kujua ni tairi, hakuachilia."

Prof aliiokota tena kalamu. Alivuta jedwali karibu, akatafuta nafasi pembeni, akaandika kichwa cha safu mpya: Bunia. Akashuka swali kwa swali akiweka kistari, kwa kuwa treni hatuna, wala shimo, wala taa za kuzimika. Kwenye swali la mwisho aliandika maneno ya dada yule kama alivyoyasema.

"Niko tayari kusaini," nikasema. Nilitaka sana kufaa kitu.

"Weye siku ile ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya choo."

"Basi." Akamgeukia muuguzi. "Ule mwenzako, bado iko?"

"Iko. Anauza samaki mu soko, upande wao."

"Prof Mudogo anaenda kumuita. Nataka bashahidi wawili."

Nikaenda. Nilikwenda ng'ambo ya mto kwa miguu hadi soko lile, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalipita kwa pikipiki tu, bila kushuka. Nilimpata, nikamweleza nimetumwa na nani na kwa nini. Alimwachia jirani meza yake, akaosha mikono kwa limau, akafunga kilemba upya, akanifuata.

Muuguzi alisaini kwanza, jina lake lote kama lilivyo kwenye diploma. Halafu yule mwenzake akainama akaandika la kwake pembeni, herufi kubwakubwa, huku muuguzi amemshika kiwiko. Karatasi ya saruji hujikunja, haikubali kulala. Prof aliniambia nipige magoti niishike pembe, na nikaishika mpaka wino ukakauka.